Siku Nilipomwacha Mkwe Wangu Atoe Batri

Mume wa binti yangu nilimdharau tangu siku alipokuja kujitambulisha. Alikuja na viatu vyeupe katikati ya masika, akavuka matope ya barabara yetu akinyanyua miguu kama kuku, na alipoketi jambo la kwanza alilofanya ni kupanga simu tatu juu ya meza, moja kando ya nyingine, kama mama anayepanga samaki wa mikebuka sokoni. Shangazi zake binti yangu walivutiwa. Mimi nilizitazama zile simu nikajiambia kwamba mkulima haji kuposa na majembe matatu.

Nilikuwa nimefundisha Kifaransa miaka ishirini na miwili hapa Kalemie, kwenye ukingo wa Ziwa Tanganyika upande wa Kongo, kabla ya kuacha chaki na kuanza kazi ya kupiga foto. Mwalimu wa Kifaransa ana ugonjwa mmoja usiopona: hawezi kupita mbele ya kibao bila kukisahihisha. Mkwe wangu alipofungua kibanda chake karibu na soko, alimlipa mchoraji aandike juu ya mlango kwamba yeye ni fundi wa kompyuta, simu na kila chombo cha umeme. Kwa Kifaransa. Makosa manne. Niliyaona yote nikiwa bado juu ya pikipiki. Jioni ile nilimsimulia jirani yangu, tukacheka mpaka akashika ubavu, na kesho yake nikamsimulia mwingine.

Kwa binti yangu sikusema neno, kwa maana mama mkwe hasemi. Mkwe unamwita Papa, unamkalisha kwenye kiti kizuri, humkazii macho, na ukiwa na jambo juu yake unalimeza. Nilimeza mengi. Nilimeza ile sauti yake ya juu, nilimeza ile tabia yake ya kujibu simu katikati ya sala ya chakula, nilimeza neno "teknolojia" ambalo alilitamka kama padri anavyotamka neno "neema".

Sasa, apareyi yangu. Huku kwetu kamera tunaiita hivyo. Niliinunua kwa mfanyabiashara aliyeivusha kutoka Kigoma, imetumika lakini haijachoka, na kwayo nilipiga ubatizo, ndoa, diploma na matanga kwa miaka sita bila malalamiko. Halafu tamaa ikaniingia. Nikanunua lenzi mpya, ndefu, inayovuta mbali, kwa sababu kanisani padri wetu hapendi mtu asogelee altare. Ile lenzi ilinitia aibu. Unailenga uso, inakwenda mbele, inarudi nyuma, inanguruma tumboni, na inapoamua hatimaye kuona, bwana harusi ameshavisha pete na ameshakaa.

Nililalamika mbele ya binti yangu. Binti yangu akamwambia mumewe. Na Jumamosi moja asubuhi, kabla sijamaliza kunywa uji, viatu vyeupe vilikuwa mlangoni.

Jumamosi ile haikuwa siku ya kucheza na vyombo. Kesho yake nilikuwa na kazi ya yubile: wazee wawili wa Moba, mvuvi na mkewe, walikuwa wanatimiza miaka hamsini ya ndoa yao ya kanisa. Watoto wao walikuwa wamewaleta kwa boti mpaka Kalemie ili misa isomwe hapa, mbele ya wajukuu wote. Foto yao ya ndoa ilikuwa moja tu, na ilikuwa imeshaliwa na mchwa. Mtoto wao mkubwa alinishika mikono yote miwili alipokuja kuniomba kazi hiyo. Mkwe wangu nilimweleza haya yote. Aliitikia kwa kichwa kama mtu anayesikiliza habari za hali ya hewa.

"Mama, lenzi haina shida," alisema, akiigeuzageuza, kwa Kiswahili cha kwetu ambacho "ndiyo" ni "njo". "Apareyi yenyewe njo iko na programu ya zamani. Haiijue iyi lenzi. Tutaifanyia mizajuru, tutaipa programu mpya, utaona."

"Tutatafuta waya wapi?"

"Waya ya nini tena, Mama? Siku izi vitu vyote vinapita mu hewa. Simu inavuta programu kwa internet, inaitupia apareyi, njo basi. Dakika tano."

Nilikaa nyuma yake kidogo, upande, kama adabu inavyotaka. Macho yangu yalikuwa bado mazuri, na kila kitu nilikiona.

Kwanza ilibidi simu yake iwekewe programu ya kiwanda kilichotengeneza ile apareyi. Hiyo peke yake ilimaliza mega za internet alizokuwa nazo, akatoka kwenda kununua nyingine barabarani. Aliporudi, programu ikaanza maswali. Ilitaka anwani, ilitaka tarehe ya kuzaliwa, ilitaka kujua tumesimama wapi duniani, ilitaka ruhusa ya kuangalia foto zetu na ruhusa ya kututumia habari njema za kiwanda. Nimezaa watoto watano hospitalini na hakuna aliyeniuliza maswali mengi namna hiyo. Mkwe wangu hakusoma hata moja. Ukurasa ulipotokea, kidole chake kilikuwa kimeshabonyeza chini, upande wa kulia. Mwingine, kulia. Mwingine, kulia. Nikajiambia: tazama kizazi hiki, kinatia sahihi kama mbuzi anavyokula karatasi.

Saa tano ikapita. Simu ilikuwa imeshavuta ile programu mpya ya apareyi, ikabaki kuitupia. Hapo apareyi inatoa wifi yake yenyewe, ndogo, ya kuongea na simu tu, na simu inajiunga nayo. Ilijiunga. Kisha simu ikatoa ujumbe kwa Kifaransa chepesi ambacho mtoto wa darasa la sita angekielewa: mtandao huu hauna internet, je, unataka kubaki kwenye mtandao huu? Kushoto, ndiyo. Kulia, hapana.

Akabonyeza kulia. Simu ikaiacha apareyi. Kazi ikakatika.

"Ah, koneksio!" alisema.

Akaanza upya. Ujumbe ukarudi, akabonyeza kulia tena. Mara ya tatu vilevile. Nilisoma ule ujumbe mara tatu kutoka nyuma ya bega lake, na mara tatu nikanyamaza. Alilaumu kampuni ya simu, alilaumu mawingu, halafu akainua macho akatazama mlima ulio nyuma ya nyumba yetu.

"Ni mulima, Mama. Mulima njo unazuia."

Simu na apareyi zilikuwa juu ya kitambaa kimoja cha meza, kati yao hapakuwa na nafasi ya kuweka kikombe. Na mlima ulikuwa unazuia! Nililitunza lile neno moyoni kwa ajili ya jirani yangu, kama mtu anavyotunza kipande kizuri cha nyama.

Mara ya nne, sijui kwa uchovu au kwa bahati, kidole kilianguka kushoto. Programu ikapita. Skrini ya apareyi ikawaka, mstari mweupe ukaanza kujaa polepole, na chini yake pakaandikwa maneno ambayo ninayajua kwa moyo mpaka leo: usizime apareyi, usitoe batri, skrini inaweza kuwa nyeusi kwa dakika kadhaa. Mkwe wangu alikuwa anajibu simu nyingine. Alizungumza, alicheka, akarudi, na wakati huohuo skrini ikawa nyeusi. Kitaa kidogo chekundu kilibaki kinapepesa ubavuni.

Alikata simu. Alisubiri kidogo. Akaishika apareyi, akabonyeza hapa na pale. Kisha akafanya jambo ambalo hajawahi kulifanya tangu aoe nyumbani kwangu: aligeuka akaniangalia usoni.

"Mama, imezimika. Nitoe batri?"

Jibu nilikuwa nalo. Nilikuwa nimelisoma dakika mbili zilizopita, kwa herufi kubwa, katika lugha niliyoifundisha nusu ya maisha yangu. Ningesema "hapana" na mambo yangeishia hapo.

"Wewe njo unajua, Papa," nilisema.

Akatoa batri. Kitaa chekundu kikafa.

Nitasema ukweli juu ya nilichohisi: nilifurahi. Kwa muda wa pumzi moja nilifurahi kabisa, kama mwalimu aliyemkamata mwanafunzi mwenye kiburi ubaoni. Halafu nikakumbuka ile apareyi ni ya nani, na kesho ni siku gani.

Aliirudisha batri, hakuna. Alibadili batri, hakuna. Alipuliza ndani, alifuta, aliigonga kwa kiganja kama wanavyogonga redio. Jasho lilimtoka juu ya mdomo. Mwishowe alisema kwa sauti ndogo kwamba labda apareyi ilikuwa imeshachoka tangu zamani.

"Asante, Papa," nilimwambia. "Umejisumbua sana. Nikuletee chai?"

Hakunywa. Aliondoka bila kupokea simu iliyokuwa inalia mfukoni mwake.

Alasiri ile nilifanya jambo ambalo niliapa sitalifanya. Karibu na bandari kuna mpiga foto mwingine, mzee Mwislamu wa ukoo wa wafanyabiashara wa zamani wa ziwani, ambaye nilikuwa nimemdharau muda mrefu kuliko hata mkwe wangu. Studio yake ina pazia lililochorwa ndege na maua, na foto zake anazipitisha kwenye mashine mpaka kila mtu anakuwa mweupe na laini kama sahani iliyosuguliwa. Bibi wa miaka themanini akitoka kwake hana kunyanzi hata moja. Nilikuwa nikiwaambia wateja wangu: mukitaka foto ya maiti aliyepakwa poda, mwende kule. Nina hakika maneno hayo yalimfikia, mji wetu si mkubwa.

Maji ya ziwa yalikuwa yamepanda mpaka kizingiti cha mlango wake. Nilikanyaga mawe aliyoyapanga, nikaingia, nikamwambia apareyi yangu imeharibika na kesho nina yubile.

Alinitazama. "Mama Mwalimu," alisema, "kaa kwanza."

Sikukaa. Alikwenda nyuma ya pazia la ndege, akarudi na apareyi yake, kubwa, nzito, rangi imechubuka kwenye pembe. Akanionyesha vitufe viwili. Akanipa batri tatu zilizojaa.

"Utairudisha Jumatatu. Iyi haiongee na simu, inapiga foto tu."

Hakuniuliza apareyi yangu ilikufaje. Hakunikumbusha chochote. Hilo liliniudhi zaidi kuliko kama angenicheka, na nilirudi nyumbani nimeikumbatia ile apareyi nikitafuta kasoro za kumkosoa, sikupata nyingine zaidi ya zile za zamani.

Jumapili misa ilikuwa saa nne. Wale wazee waliingia wameshikana mikono, mzee na suti iliyotoka sandukuni na mikunjo yake, mkewe na kitenge cha yubile, wajukuu nyuma yao wamevaa kitambaa hichohicho. Apareyi ya mzee wa bandari ililia kwa sauti kila nilipobonyeza, watu wakageuka. Lakini iliona. Walipofika kusema tena ahadi zao, bwana aliyasahau maneno, na bibi akamnong'oneza moja moja, naye akayarudia kwa sauti kubwa mbele ya padri, kama mtoto anayesoma. Nilipata foto ya ule mdomo kwenye lile sikio. Nje, nilipowapanga kwenye ngazi, nilimwomba bibi acheke kidogo.

"Nichekee chuma?" alisema. "Nitacheka nikiona muntu."

Nikaishusha apareyi ili anione, akacheka, nikaipandisha haraka. Ile foto ndiyo waliyoitia kwenye fremu.

Jumatatu niliirudisha apareyi ya mzee wa bandari. Jumanne nilienda kwa sekretaria anayechapa barua karibu na ofisi za wilaya, nikamwomba kompyuta yake. Nilitafuta ukurasa wa kiwanda nikausoma wote, kwa Kifaransa, kuanzia mstari wa kwanza, kalamu mkononi. Karibu na mwisho kabisa, mahali ambapo hakuna mwenye haraka angefika, walikuwa wameandika la kufanya iwapo kazi imekatika katikati. Unaweka programu kwenye kadi tupu ya foto. Unaingiza kadi, unaingiza batri iliyojaa, unashika kitufe fulani huku unawasha. Nilifanya pale pale kwenye benchi la sekretaria. Nilikaa mikono mapajani nikiogopa hata kupiga chafya. Skrini ilikuwa nyeusi dakika sita. Kisha ikawaka, na ile lenzi ndefu, nilipoilenga uso wa sekretaria, ilimshika mara moja bila kunguruma.

Kwa hiyo kijana alikuwa amesema kweli kuhusu lenzi. Hilo nililimeza pia.

Kisha nikafanya kitu ambacho sikusimulia kwa jirani. Nilificha. Wiki tatu nilipiga foto kwa ile apareyi na kwa binti yangu nikawa nasema, ah, tutaona, labda ipelekwe Kigoma. Mkwe wangu hakukanyaga kwangu. Alituma salamu, alituma samaki, yeye mwenyewe hakuja. Nikisikia kutoka kwa binti yangu kwamba anatembea kichwa chini, nilikuwa naitikia kwa huruma ya mdomo, na ndani yangu kuna kitu kinakaa vizuri kwenye kiti.

Binti yangu alinikuta Jumapili ya komunyo ya kwanza, mbele ya kanisa, nimeinua apareyi usoni. Alisubiri nimalize. Alinivuta kando, kwenye kivuli cha ukuta.

"Imepona lini?"

"Juzi."

"Mama, foto za matanga kwa jirani zangu nimeziona. Ulipiga na lenzi iyi. Ni wiki mbili."

Nilirudisha kifuniko cha lenzi.

"Alikuuliza," alisema. "Aliniambia siku ileile. 'Nilimuuliza Mama, na Mama alisema mi njo najua.' Unafikiri alikuuliza kwa nini?"

"Kwa sababu hakujua."

"Kwa sababu hasomi Kifaransa, Mama! Anajua kuandika jina lake na hesabu. Vita ilipowaka kwao Nyunzu alikuwa darasa la tano. Walitembea na miguu wakifuata reli, wakafika hapa, wakakaa kambini, na masomo yaliishia pale. Simu zote anazotengeneza anazijua kwa macho na kwa vidole. Alikuwa anakuomba umusomee."

Niliuliza jambo la kijinga. Nilisema, kwa nini hukuniambia. Akasema, "Nikuambie wewe? Wewe unayechekea kibao chake kwa mutaa muzima?" Akaondoka, na kitenge chake kikapigapiga ukuta.

Mama mkwe haendi nyumbani kwa mkwe wake bila shughuli. Nilimwita. Alikuja Alhamisi saa kumi, viatu ni vilevile, akakaa ukingoni mwa kiti kizuri. Niliweka apareyi mezani nikaiwasha mbele yake.

"Imepona," alisema.

"Imepona tangu Jumanne ile. Na siku ile, Papa, kwenye skrini waliandika usitoe batri. Nilisoma. Sikukuambia."

Nilitegemea ashangae. Alikuwa anafuta meza kwa kidole gumba, mahali ambapo hapakuwa na vumbi.

"Nilikuona Mama unasoma. Macho yako yalikuwa yanafuata mistari. Njo maana nilikuuliza."

"Ungesema haujue kusoma."

"Kwa mama mukwe? Mama mukwe mwenyewe mwalimu?" Alicheka kidogo, bila furaha. "Iliandikwa kabisa? Usitoe batri?"

"Kwa herufi kubwa."

"Basi, Mama, iyi apareyi tuliiua wawili."

Hakuniomba msamaha, na mimi neno la msamaha nililitoa kama kikohozi. Sidhani kama alilisikia. Nilimletea chai. Safari hii aliichukua.

Siwezi kusema kwamba tangu siku hiyo nampenda. Bado anaongea kama mtu aliye ng'ambo ya mto, na simu zake bado anazipanga mezani kwangu. Kibao chake nimekaa kimya juu yake, ingawa kila nikipita ulimi unaniwasha. Lakini Jumamosi moja alikuja na mashine ya kuchapa ya parokia ndani ya gunia, akaiwasha, akageuza kioo chake kidogo upande wangu bila kuniangalia.

"Inasema nini, Mama?"

Nilivaa miwani nikamsomea. Ilikuwa inasema karatasi imekwama sehemu ya nyuma, fungua mlango wa chini, usivute kwa nguvu. Nilimweleza kila neno. Alisikiliza, akasema "njo vile?", na kabla sijavua miwani mkono wake ulikuwa umeshaingia ndani ya ile mashine mpaka kwenye kiwiko, unatafuta taratibu, macho yake yakitazama ukuta. Karatasi ilitoka nzima.

Alifunga gunia lake, akaniaga kwa mikono miwili. Chai aliiacha nusu kikombe, imepoa, na sukari yote chini, na mimi nikaimwaga uani nikinung'unika.